Treni imefika Dodoma usiku: programu ya kuunganisha usafiri ianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Dodoma, masomo ya kompyuta. Mwezi uliopita nilimpokea mama akitoka Dar kwa SGR, treni ya jioni. Tiketi alikata kwa simu, muda mfupi tu. Shida ilianzia nje ya stesheni: daladala hakuna, bajaji ya kwanza ilitaja bei ya kumfukuza mtu, na boda kwa mizigo ile haikuwezekana. Tulifika Ipagala tumechoka kuliko aliyetoka Dar. Nikawaza kutengeneza programu moja ambayo abiria atakata treni, basi, daladala na bajaji humohumo, alipe mara moja, apate tiketi moja. Wenzangu wanasema Ulaya kitu hicho kipo na kinaitwa usafiri kama huduma. Je, Dodoma kinawezekana? Nianzie wapi, na kwa nini hakuna aliyekwishafanya?"

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana waliofanya wapo, na walikuwa na fedha, sheria na mabasi yanayofuata ratiba.

Mwaka 2016 kampuni ya MaaS Global ilianzisha programu iitwayo Whim huko Helsinki, mji mkuu wa Finland. Ndani yake ulikata tiketi ya tramu, ukaita teksi, ukakodi gari. Aliyetaka kifurushi kikubwa cha mwezi alilipa euro 499, akapanda mabasi bila kuhesabu na teksi za safari fupi juu yake. Serikali ya Finland nayo ikawatungia wenye vyombo sheria, iliyoanza kutumika 2018, kwamba wafungue mifumo yao ya tiketi ili wengine waweze kuuza. Ungetamani mwanzo gani mzuri kuliko huo? Machi 2024 kampuni ilifilisika.

Mfikirie mwenye genge pale Majengo anayenunua soda kwa bei ya rejareja kwa jirani, anaiweka kwenye barafu, kisha anaiuza kwa bei ileile aliyonunulia. Ndivyo biashara ile ilivyokuwa. Tiketi ya basi la umma tayari imebebwa na ruzuku, haina faida ya kumgawia mtu wa kati. Teksi ina mafuta na dereva, haipunguziki. Yule wa katikati anabaki na gharama za programu na simu za wateja wenye malalamiko.

Berlin wana Jelbi, ya mwaka 2019, na hiyo inaendelea. Mwenye nayo ni BVG, shirika la umma lenye mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi za mji huo. Kwao si lazima programu izae faida. Ikileta abiria kwenye mabasi yao, imetosha. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, jiulize nani Dodoma ana sababu ya kubeba gharama hiyo. TRC, shirika la reli, wana treni. Kila daladala ina tajiri wake, bajaji nyingi ziko kwenye mkataba, na boda wana vijiwe vyao. Hakuna BVG hapa. Swali hilo nitalirudia mbele, kwa sababu nadhani jibu lipo, ila haliko unakolitafuta.

Watafiti wa Sweden mwaka 2017 waliipanga miunganisho hii katika ngazi, kuanzia 0 hadi 4. Sifuri: kila mtu na lake. Moja: taarifa zimeungana, unaona njia zote mahali pamoja. Mbili: unakata na kulipa mahali pamoja. Tatu: vifurushi. Nne: mji wenyewe unatumia mfumo huo kufikia malengo yake, kama kupunguza foleni. Wewe unataka kuruka kutoka sifuri hadi mbili, na kila ninayekutana naye mwenye wazo hili anataka kuruka hivyohivyo, kwa sababu malipo ndiyo yanayoonekana kama teknolojia. Taarifa zinaonekana kama kazi ya karani.

Sasa nikuambie jambo ambalo wenzako hawajaliona. Dodoma ina mfumo wa kuunganisha usafiri tayari, na unafanya kazi. Ni orodha ya majina ndani ya simu. Fungua yangu utakuta "Bajaji Stesheni", "Bajaji Stesheni 2", "Boda Ilazo", "Boda Ilazo mpole", "Noah Kondoa". Huyo "Bajaji Stesheni" nilimpata usiku mmoja nilipokuwa nimeagiza gari kwa simu nikiwa bado ndani ya treni. Nikashuka, dereva akaghairi, nikaagiza mwingine, naye akapiga simu kuniuliza naenda wapi halafu akakata. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana. Kijana mmoja wa bajaji akaniambia, "Mzee, panda, hao hawaji huku saa hizi." Bei yake ilikuwa ya haki, nikachukua namba.

Tangu siku hiyo, kila nikirudi na treni ya jioni, tukishapita stesheni ya Gulwe namwandikia maneno mawili: "Tumepita Gulwe." Hanijibu. Anajua kwamba baada ya Gulwe kuna Igandu, kisha Dodoma, kwa hiyo ana nafasi ya kumalizia chai yake, kumpeleka abiria mwingine wa karibu na kurudi. Nikitoka nje namkuta amewasha. Treni ikichelewa, Gulwe nayo inachelewa, na yeye hapotezi muda wala mafuta.

Itazame vizuri safari hiyo. Dereva anajua treni iko wapi. Bei tulishakubaliana siku nyingi. Yeye ana uhakika kwamba nitatoka, mimi nina uhakika kwamba yupo. Malipo namalizia nyumbani, mara fedha taslimu, mara kwa simu, na hayajawahi kutusumbua. Kinachoiunganisha treni na bajaji pale ni ahadi ya nani anamsubiri nani, ikiwa na habari ya kutosha kuitimiza. Mama yako alikosa namba ya mtu wa hivyo, basi. Mgeni anayeshuka Dodoma mara ya kwanza anaikosa vilevile, na huyo ndiye mteja wako. Mimi siye, mimi nina Gulwe yangu.

Kwa hiyo bidhaa yako ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kukuaibisha mbele ya wenzako. Abiria anaandika treni yake, anakoshukia mjini na idadi ya mizigo. Anapewa bei moja isiyobadilika na jina la kijiwe kitakachomchukua. Simu yake, kwa ruhusa yake, inatambua kwamba imepita Gulwe, kisha Igandu, na dereva anapata ujumbe mfupi wa kawaida. Nimesema ujumbe wa kawaida kwa makusudi. Simu ya dereva inaweza kuwa kitochi, na hata mwenye simu janja bando lake huisha saa mbili usiku, wakati unapomhitaji. Tena usitegemee simu ya abiria mmoja. Watumiaji 5 ndani ya behewa wanatosha kukuambia treni iko wapi hata kama 4 wamelala na simu zimezimika.

Kwa mabasi ya mikoani kazi ni nyepesi kidogo. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inayafuatilia kwa mfumo wa VTS, ule unaoonyesha basi liko wapi na linakimbia kasi gani. Kifaa kipo ndani ya basi tayari. Kinachobaki ni kuomba, kwa barua na kwa miguu, upewe namna ya kusoma muda wa basi kuingia stendi kuu ya Nzuguni. Ofisi zao ziko hapahapa Dodoma, jambo ambalo mwenzako wa Mwanza angelionea wivu.

Daladala ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo tajiri kwa mtu wa masomo yako. Mji wetu umejengwa kama mkono uliofunguliwa vidole: barabara ya Dar, ya Arusha, ya Singida na ya Iringa, zote zinakutana mjini. Daladala zimefuata vidole hivyo. Anayetoka kidole kimoja kwenda kingine, tuseme Nkuhungu kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hana budi kuja kiganjani kwanza na kubadilisha gari. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, itabadilisha safari za malori na magari binafsi, lakini daladala hufuata watu walipo, na watu bado wanashuka mjini. Mtumba nako serikali imehamia, ofisi ziko huko, wafanyakazi wanalala Kisasa, Ilazo, Nzuguni na kwingineko. Asubuhi magari yanajaa upande mmoja na kurudi na viti vitupu.

Hayo yote unayajua kwa kuishi hapa. Kompyuta haiyajui. Ili iyajue, yaandike katika muundo uitwao GTFS. Ulizaliwa 2005, pale shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani, lilipokubaliana na Google kuweka ratiba za mabasi kwenye ramani. Ni mafaili ya maandishi tu: moja la vituo, moja la ruti, moja la safari, moja la saa. Utasema daladala haina ratiba. Kuna faili la kuandika gari hupita kila baada ya muda gani badala ya saa kamili, na hilo ndilo letu.

Nairobi walishatutangulia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, wakatoa data yote bure 2014. Mwaka uliofuata matatu zikaonekana kwenye Google Maps. Hawakusubiri kibali cha kila tajiri wa matatu. Walilipa nauli na kukaa dirishani. Ruti za Dodoma ni chache mno ukilinganisha na za Nairobi. Wanafunzi 6 wenye nidhamu wanaweza kuzimaliza ndani ya likizo fupi. Ukishapata mafaili hayo, kuna programu huria iitwayo OpenTripPlanner inayoyasoma pamoja na ramani ya OpenStreetMap na kumtafutia mtu njia. Huna haja ya kuandika upya kilichoandikwa.

Tahadhari yangu moja katika kurekodi: andika kwa saa. Ruti ya saa 1 asubuhi siyo ya saa 3 usiku. Jioni konda akiona abiria wamebaki 4 anakatisha ruti, anawashusha njiani na kugeuza. Ramani inayodai daladala ipo usiku wakati haipo itamwacha mtu barabarani na begi lake, na huyo hatakusamehe. Andika pia jina la kituo kama watu wanavyolisema wanapomwambia konda "shusha". Jina la kwenye kibao cha barabara halimshushi mtu.

Turudi kwenye malipo, maana najua hujaridhika. Nairobi hiyohiyo, 2013, Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay kwa ajili ya matatu. Mwaka 2015 ikafungwa. Wengi walisema abiria hawakuizoea. Mimi naiona kwa jicho la konda. Daladala inaendeshwa kwa hesabu: jioni tajiri anapewa kiasi walichokubaliana, kinachozidi ni cha dereva na konda. Kutoka kwenye fedha ya mkononi ya siku ndimo wanamolipa mafuta, mpiga debe, chakula cha mchana na deiwaka aliyemshikia dereva usukani kwa muda wa saa 2. Kadi ikiingia, fedha yote inakwenda kwa tajiri kwanza, na tajiri anaona kwamba gari linaingiza kuliko alivyofikiri. Kesho yake hesabu inapanda. Ungekuwa konda, ungekubali mashine hiyo ifanye kazi? Utaambiwa mtandao unasumbua, kila siku.

Zaidi ya hapo, nauli yenyewe ni ndogo. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala kwa umbali usiozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Toa makato ya muamala kwenye 600 uone kinachobaki cha kukulipa wewe. Daladala iache ilipwe mkononi. Mwonyeshe abiria gari lipi, apandie wapi, nauli kiasi gani, na uishie hapo.

Treni nayo huwezi kuiuza bila TRC kukubali, na mfumo wao wa tiketi kwa simu upo. Tiketi ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000 huduma ilipofunguliwa Julai 2024. Hakuna nafasi ya wewe kuongeza chako juu ya hapo bila abiria kukukimbia. Mwache akate kwao. Bajaji ndiyo pekee inayoweza kulipiwa kupitia kwako, na kwa hiyo tuna bahati. Tanzania mitandao ya simu ilianza kutumiana fedha 2014, kabla ya nchi nyingi, na leo Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na simu. Lipa namba ya dereva inatosha. Usishike fedha ya mtu kwenye akaunti yako hata usiku mmoja, maana hapo unaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015 na leseni ambayo huna. Taarifa za safari za watu nazo zina mwenyewe: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na usajili wake. Kuunganisha abiria na dereva kwa mtandao kunahitaji LATRA. Hayo yafanye mapema, hayana utamu lakini yanachukua muda.

Kamisheni sasa. Mwaka 2022 LATRA ilizibana kampuni za kuita magari kwa simu zisichukue zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Uber ilisimamisha huduma Aprili mwaka huo, ikarudi 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Tuseme nauli ya bajaji kutoka stesheni hadi Ipagala ni 5,000. Asilimia 15 ni 750, asilimia 25 ni 1,250. Kwa dereva mwenye hesabu ya kila siku, ile 1,250 ni nusu ya chakula chake, na ndiyo maana atamwambia abiria, "Mama, ghairi kwenye simu, tumalizane mkononi." Baada ya safari moja wameshabadilishana namba, nawe umewaunganisha bure. Namba ya "Bajaji Stesheni" itakushinda kila mara.

Basi usiishi kwa kamisheni. Hapa narudi kwenye swali nililokuahidi: nani Dodoma ana sababu ya kulipa? Huu ni mji wa vikao. Kuna Bunge, na Bunge la Bajeti pekee linaanza Aprili hadi Juni. Kuna wizara, warsha, mafunzo, mikutano ya wadau, usaili wa kazi. Kila wiki mtu fulani ofisini ana orodha ya wageni 40 wanaoshuka SGR kwa treni tofauti, na anashinda kwenye simu akiuliza "umefika wapi?" Mtu huyo anahitaji kujua nani ameshuka, nani amechukuliwa, nani bado yuko Morogoro, na mwisho wa kikao anahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ili mhasibu wake asimtoe jasho. Mgeni halipi chochote, dereva anapata nauli yake kamili, mwandaaji analipa kwa kila mgeni aliyefikishwa. Hoteli nazo zitakufuata zikiona. Huyo mwandaaji wa warsha ndiye BVG wako, na hata hajui kama anatafuta programu.

Ubaya wake ni kwamba vikao vina msimu. Bunge likiahirishwa na vyuo vikifungwa, mji unapumua, na kijiwe ulichokiahidi wageni kitakuuliza wako wapi. Waambie ukweli huo siku ya kwanza. Na zungumza na kijiwe kizima, viongozi wake wakiwepo, kuliko kumchukua dereva mmojammoja. Dereva mmoja akiumwa, kijiwe kinatoa mwingine. Dereva mmoja akikosa heshima kwa abiria, kijiwe ndicho kitakachomuita pembeni, na kitamuita vizuri kuliko nyota 1 kwenye simu.

Hatua ya wiki hii haina kompyuta ndani yake. Chukua daftari, nenda stesheni jioni 6 mfululizo, pamoja na zile za Ijumaa na Jumapili. Simama pale abiria wanapotokea. Andika wangapi wametoka, wangapi wamepokelewa na ndugu, wangapi wamebaki wakiangaza macho, bei ya kwanza waliyotajiwa na bei waliyopanda nayo, na dakika walizosubiri. Waulize madereva wanajuaje treni inafika, utashangaa majibu. Nenda na mwenzako, usiende peke yako, na kama ni Juni au Julai vaa sweta, upepo wa Dodoma usiku hauna adabu. Ukimaliza nipigie picha kurasa hizo unitumie, tukae tuone kama wanaobaki wakiangaza ni wengi kiasi cha kuanzia kijiwe kimoja au viwili.